Karakana Ndani ya Nyumba

Watu wengi wenye hamu ya kuchora, kusuka au kuchonga hudhani kwamba kinachowazuia ni uhaba wa vifaa, ilhali vifaa, vikitafutwa kwa subira, aghalabu hupatikana. Kinachokosekana ni mahali, yaani pembe ya nyumba ambapo kazi iliyokwisha kuanzwa yaweza kulala kama ilivyo hadi kesho, bila ya kuondolewa ili meza iandikwe kwa chakula cha jioni. Anayelazimika kufungua na kufunga mzigo wake kila siku hupoteza wasaa katika kutandaza na kukunja, na kabla mkono haujachangamka huwa magharibi imekwisha kuadhiniwa.

Mahali hapo si lazima pawe chumba. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye mtindo wake wa uchoraji unajulikana kwa jina lake hata ng'ambo, alianza kazi hiyo mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, akichorea nyumbani kwake Msasani juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zing'aazo, za jamii ile ile ya kupakia baiskeli. Na hapo hapo akawafundisha jamaa wachache, ambao ndio walioushika mtindo huo alipofariki mwaka 1972.

Kwa hakika ni aina ya kazi inayoamua ukubwa wa mahali. Tazama wanawake wa Unguja na Pemba wasukao ukili: ukindu ulioanikwa juani hadi ukapauka huchanwa chane za upana mmoja, nyingine zikachemshwa pamoja na rangi sufuriani, kisha zote hutiwa maji kidogo ili zisikatike wakati wa kukunjwa, na kwa kuwa ukili ni utepe mrefu unaoviringishwa kadiri unavyosukwa, nao hushonwa kuwa mkeka baadaye, karakana nzima huenea katika pakacha moja barazani, na mgeni akibisha hodi msukaji huiweka kazi chini pasipo hasara yoyote. Mshonaji wa kofia za viua naye ana neema kama hiyo. Mchoraji wa rangi za mafuta hana bahati hiyo, maana hadibodi iliyopakwa rangi ya chini yataka kukaa hadi ikauke ndipo ichorwe juu yake, na muda wote huo isiguswe na vumbi, wala kuku, wala mjukuu.

Juu ya nuru kuna wasia mmoja wa kigeni ambao ni bora tuuache. Vitabu vya Ulaya humwusia mchoraji achague dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua la mchana hupita kusini siku zote. Lakini Dar es Salaam na Unguja jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini. Kwetu cha kuepuka ni madirisha ya mashariki na magharibi, yaingizayo miale ya ubavuni asubuhi au alasiri, hata nyekundu ikaonekana si nyekundu. Na pahali bora kuliko pote, kwa rai yangu, ni baraza lenye paa lililotokeza mbele na ukuta uliopakwa chokaa, ambapo nuru hubaki tulivu mchana kutwa.

Adui mwingine wa watu wa pwani ni unyevu. Wakati wa masika karatasi hulegea, ukindu huota ukungu, na patasi hushika kutu. Kwa hiyo rafu isigusane na ukuta, karatasi ziwekwe katika debe lenye kifuniko kinachobana, na vyuma vifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuhifadhiwa. Aidha, rangi za mafuta na tapentaini hazitaki mzaha: mvuke wake usiotoka huumiza kichwa, na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakirundikwa pembeni, yaweza kujipasha joto yenyewe hata yakawaka, hivyo yaanikwe nje moja moja.

Yaliyobakia ni mapatano na watu wa nyumbani, na hayo ni magumu kuliko kupiga rafu. Sharti la kwanza ni kwamba asiwepo mtu, hata mwenye nia njema na ufagio mkononi, atakayeipanga meza ya kazi bila idhini, kwani yaonekanayo kuwa takataka huenda ndiyo chane zilizokwisha kulinganishwa. Na fundi naye, kwa upande wake, akubali kwamba mipaka ya karakana haifiki sebuleni, wala kikombe cha chai hakigeuzwi kuwa chombo cha kuoshea burashi.