Vipandikizi viyeyukavyo mwilini: Kwa nini kupimwa mwaka mmoja hakutoshi

MAMA aliyejifungua kwa upasuaji hurudi nyumbani akiwa na nyuzi ndani ya tumbo ambazo hakuna daktari atakayezitoa. Baada ya wiki chache nyuzi hizo hupungua nguvu, na baada ya miezi kadhaa huwa hazipo tena. Je, zilikwenda wapi? Na ni nani aliyehakikisha kwamba hazingemdhuru wakati wa kuondoka kwake?

Nyuzi za aina hiyo, ambazo zimetumika hospitalini tangu miaka ya 1970, hutengenezwa kwa polima, yaani molekuli zilizoungana kama pete za mnyororo mrefu. Nyingi hutokana na asidi mbili, ya glikoliki na ya laktiki. Hii ya pili si ngeni: ndiyo inayoyapa maziwa ya mala uchachu wake, na misuli huitoa mtu anapokimbia. Maji ya mwilini hupenya ndani ya polima na kuikata minyororo kidogo kidogo hadi zibaki asidi hizo, ambazo mwili huzigeuza kuwa maji na hewa ya kaboni.

Kwa maelezo hayo, mtu angedhani kwamba hapana la kuhofia. Hata hivyo, uzi ni mwembamba na asidi yake huchukuliwa na damu mara inapotokea. Mambo hubadilika polima hiyo hiyo inapotengenezwa kuwa skrubu au bamba la kuunganisha mfupa uliovunjika. Asidi inayotokea katikati hukosa njia ya kutoka, na kwa kuwa asidi yenyewe huharakisha ukatikaji wa minyororo, kiini huoza kabla ya ganda la nje. Siku ganda linapopasuka, yote yaliyokuwa ndani humwagika kwa pamoja katika nyama iliyo karibu.

Ndiyo sababu kipandikizi hakiruhusiwi kutumika kwa binadamu kabla ya kujaribiwa katika mwili ulio hai. Kwanza hupimwa maabarani pamoja na seli zilizokuzwa katika vyombo. Kikifaulu, vipande vyake hupandikizwa chini ya ngozi, katika msuli au mfupani mwa panya, sungura au mnyama mkubwa zaidi. Kila baada ya kipindi fulani baadhi ya wanyama huuawa, kisha nyama inayokizunguka kipandikizi hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Mtaalamu hatarajii kukuta nyama iliyotulia kabisa. Mwili hukizingira kila kitu kigeni, hata mwiba uliovunjikia mguuni, kwa seli za kinga na utando wa nyuzinyuzi. Anachochunguza ni kama utando huo ni mwembamba na unazidi kutulia, au seli za kinga zinaendelea kumiminika na nyama kufa. Kando yake huwekwa nyama yenye kifaa kingine ambacho tabia yake inajulikana kwa miaka mingi, ili apate cha kulinganisha.

Utaratibu huo ni mzuri, ila una pengo moja, nalo ni muda.

Pengo hilo lilidhihirika mjini Groningen, Uholanzi. Madaktari wa huko walibuni mabamba na skrubu za polima ya laktiki kwa ajili ya mifupa ya uso, wakakusudia kumwepushia mgonjwa upasuaji wa pili wa kuondoa chuma. Walivijaribu kwa mbwa 6 waliokuwa na mivunjiko ya taya, na mifupa ikaunga. Mwaka 1987 walieleza jinsi walivyowatibu wagonjwa 10 waliovunjika mfupa wa shavu. Wote walipona vizuri.

Miaka 3 baada ya upasuaji, wagonjwa 4 walirejea wakiwa na uvimbe mahali palepale bamba lilipowekwa. Madaktari waliwaita wengine, wakakuta uvimbe kama huo. Nyama ilipochunguzwa, ilikutwa imejaa vipande vidogo vyenye umbo la fuwele, vingine vikiwa vimemezwa na seli. Mabamba yalikuwa yamevunjikavunjika lakini hayakuwa yamekwisha. Hata miaka zaidi ya 5 baada ya upasuaji mabaki yalikuwa bado yapo. Inafaa kuwasifu madaktari hao kwa jambo moja: hawakuficha, bali walichapisha matokeo hayo mwaka 1993 ili wenzao wajue.

Katika Finland, polima ya glikoliki, ambayo huisha upesi zaidi, ilileta tatizo la namna nyingine. Katika hesabu ya wagonjwa 2,528 iliyotolewa mwaka 2000, wagonjwa 108 walipata uvimbe uliohitaji kushughulikiwa, wengine wakitokwa na majimaji mfano wa usaha ingawa hapakuwa na viini vyovyote vya ugonjwa. Kati yao, 107 walikuwa na polima ya glikoliki, na kwa wastani dalili zilijitokeza wiki 11 baada ya upasuaji. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na polima ya laktiki, naye alingoja miaka 4 na zaidi. Daktari ambaye angewafuatilia wagonjwa wake kwa mwaka mmoja angegundua tatizo la kwanza na kulikosa la pili kabisa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Panya wa maabara huishi miaka 2 au 3. Kipandikizi kinachochukua miaka 5 kuisha humshinda umri. Kwa hiyo watafiti wamebuni njia ya mkato: polima huzeeshwa kwanza katika maji ya moto, kisha mabaki yake hupandikizwa katika mnyama ili kuonyesha yatakayotokea miaka ya mwisho. Si sawa na kungoja, lakini ni afadhali kuliko kufunga daftari mapema. Kanuni za kimataifa za kupima vifaa vya tiba nazo hutaka muda wa majaribio ulingane na muda wa kipandikizi kuyeyuka.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo wanyama hawayafichui. Kifaa cha polima ya laktiki cha kupanua mishipa ya moyo, kilichoitwa Absorb, kilipita kwa nguruwe, kikaanza kuwekwa kwa wagonjwa mwaka 2006 na kuidhinishwa Marekani Julai 2016. Kilitarajiwa kutoweka baada ya miaka 3 hivi. Uchunguzi wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika miaka 2 damu iliganda ndani ya kifaa kwa asilimia 3.5 ya wagonjwa, ilhali waliowekewa kifaa cha chuma walikuwa asilimia 0.9. Septemba mwaka huo kampuni iliyokitengeneza ilisitisha mauzo. Hapa sumu haikuwa hoja. Kuta za kifaa zilikuwa nene kuliko za chuma, na kilipoanza kulegea, vipande vyake viliweza kuning'inia katika mkondo wa damu.

Nchini Kenya suala hili linawagusa wanawake zaidi. Vipandikizi vya kuzuia mimba vinavyowekwa mkononi na kudumu miaka 3 au 5 haviyeyuki. Sharti muuguzi avitoe, na anayeishi mbali na kituo chenye mtaalamu huhangaika. Kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakitafuta kipandikizi cha polima kitakachotoweka chenyewe baada ya dawa kwisha, hasa kwa kutumia polikaprolaktoni, ambayo huchukua zaidi ya miaka 2 kuisha. Mbali na maswali ya uvimbe na mabaki, kinapaswa kujibu swali jingine: mwanamke akitaka kupata mtoto, au dawa isipompatana, je, kitaweza kutolewa kikiwa kizima kabla hakijaanza kuvunjika chini ya ngozi?