Maombi ya Udaktari wa Meno Huanza Kabla ya Fomu

Zamani, kijana aliyetaka kusomea udaktari wa meno Marekani alikabidhiwa kipande cha chaki na kisu, akaambiwa achonge umbo kwa vipimo maalumu. Mtihani huo wa mikono ulifutwa miaka ya 1970, na mahali pake pakawekwa maswali ya kupima jicho: pembe ipi ni ndogo zaidi, au karatasi iliyokunjwa ikatobolewa itakuwa na matundu wapi ikikunjuliwa. Ni maswali 90 kwa dakika 60, ndani ya DAT, mtihani wa kuingia vyuo vya meno, wenye pia biolojia, kemia, hisabati na ufahamu. Biolojia unaweza kuikariri. Sehemu ya jicho hunolewa kwa mazoezi ya muda mrefu tu.

Tanzania, mhitimu wa kidato cha sita huomba chuo cha Muhimbili moja kwa moja, na alama zake za fizikia, kemia na biolojia ndizo zinazombeba. Marekani wengi hutanguliza shahada ya miaka minne, ndipo waanze minne mingine ya meno. Kamati ya udahili basi huwa na miaka mingi ya kumchunguza mwombaji. Wastani wa alama za chuo za waliopokelewa ni karibu 3.6 kati ya 4, na kozi iliyorudiwa haifuti alama ya mwanzo: AADSAS, mfumo wa pamoja wa maombi, huhesabu zote mbili.

Kinachopuuzwa zaidi ni insha. Nafasi yake ni herufi 4,500 pamoja na nafasi wazi, na waombaji wengi huimaliza kwa kusifu tabasamu na kueleza ndoto za utotoni. Swali la kamati ni gumu kuliko hayo: kwa nini meno, wakati kuna udaktari wa kawaida, uuguzi na famasia? Jibu hupatikana kliniki, kwa kushinda kando ya daktari akifanya kazi. Aliyemwona mtu mzima asiye na bima akichagua kung'olewa jino ambalo matibabu ya mzizi yangeliokoa, ana la kuandika. Aandike alichokiona, alichomuuliza daktari baadaye, na alichofanya kuhusu hilo.

Barua za mapendekezo hazizidi nne. Mwalimu wa sayansi anayemfahamu mwanafunzi ana faida kuliko mkubwa mwenye cheo anayelijua jina lake tu.

Halafu kuna kalenda. Maombi huanza kutumwa Juni, vyuo vingi huyasoma kadiri yanavyoingia, na majibu ya kukubaliwa huanza kutoka Desemba. Anayetuma Oktoba hugombea viti vilivyobaki, hata akiwa na alama nzuri. Mwenye matokeo ya chuo cha nje ya Marekani atangulie mapema zaidi, kwa kuwa mara nyingi lazima yatathminiwe na taasisi maalumu, na vyuo vingi hutaka awe amesoma kozi kadhaa Marekani au Kanada.

Aliyekwisha kuhitimu udaktari wa meno Nairobi au Muhimbili ana njia yake ya kuingia Marekani: mfumo wa maombi wa CAAPID, mtihani wa kitaifa wa INBDE, kisha programu ya miaka miwili au mitatu katika vyuo vinavyoitoa.