Habari za Ugonjwa Wako: Uziache Wapi, kwa Bei Gani?

Mtoto akikohoa usiku kucha hapa Murera, kukikucha mama ana pa kwenda: zahanati ya serikali, kliniki ya kibinafsi, au kikundi cha kina mama kwenye Facebook, ambako picha ya mgonjwa hupandishwa hata kabla chai haijachemka. Wengi wetu huchagua kwa kuangalia mfuko. Lakini kote huko habari za mtoto hubaki, na baadaye kuna watu wanaozisoma, wakiwemo watafiti wa afya ya umma. Bei ya habari hizo nayo ihesabiwe.

Tuanze na pesa. Kujisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ni bure, unabonyeza *147#, na aliyesajiliwa hapaswi kulipishwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya 2 na 3. Ukitaka bima ikulipie kitanda Ruiru Level 4 au Thika Level 5, lazima uwe umetoa mchango: asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima, yaani si chini ya 3,600, na kwa mama mboga hizo ni pesa nyingi za kutoa kwa mkupuo. Facebook inataka bando tu.

Sasa tazama kinachobaki nyuma. Kilichoandikwa zahanati kinahesabiwa kuwa data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtafiti anayekitaka huhitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, na haruhusiwi kuchapisha chochote kinachomtambulisha mgonjwa. Kwenye kikundi, sura ya mtoto, jina lako na mtaa unaoishi viko wazi, na mtu akishapiga skrinshoti na kuituma WhatsApp, huna wa kumdai.

Na ni habari za zahanati na hospitali zinazoleta faida kubwa zaidi. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakihesabu kaya tangu mwaka 2000 na kuziunganisha na rekodi za wagonjwa wa hospitali ya kaunti. Chanjo ya nimonia ya PCV10 ilipoanza kutolewa mwaka 2011, rekodi hizo ndizo zilizoonyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 5, maradhi makali ya bakteria zinazolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92. Hakuna aliyeanika sura ya mwanawe ili hilo lijulikane.

Maneno ya mtandaoni peke yake huyumba. Google ilianza mwaka 2008 kukadiria mafua kwa yale ambayo watu walikuwa wakitafuta mtandaoni. Kufikia msimu wa 2012 na 2013 makadirio yake kwa Marekani yalizidi ukweli kwa mbali, na mwaka 2015 huduma hiyo ikafungwa. Data za simu zina kazi yake zikiondolewa majina: nyendo za laini karibu milioni 15 za Kenya, kati ya 2008 na 2009, zilisaidia kuchora jinsi wasafiri wanavyobeba malaria kutoka kanda ya Ziwa.

Yupo pia anayekuja na pesa mkononi. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wachanganuliwe mboni na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliisimamisha Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mtafiti wa kweli hukurudishia nauli, hukusomea karatasi ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, na hukuambia unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Mwulize data zitakaa wapi, nani atazifungua, zitafutwa lini. Akibabaika, usitie sahihi.

Mimi ningeenda zahanati, na mtafiti akijibu vizuri ningekubali. Kwenye kikundi ningeulizia tu foleni ikoje. Na habari zako zikivuja, kulalamika kwa Kamishna wa Data hakulipiwi. Sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5.