JE, WAJUA? Dawa ya kuzuia jasho hupakwa usiku

Anayepanda na mzigo kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu hadi soko la Kadutu, mjini Bukavu, hufika makwapa yamelowa, ingawa mji huo uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake si ya joto kali. Wengi hujipaka dawa ya kuzuia jasho asubuhi, wakitoka. Saa hiyo tezi zimeshaanza kazi, na jasho huiosha dawa kabla haijashika.

Ipake usiku, ukishaoga na kujikausha vizuri. Chumvi za alumini zilizomo huyeyuka katika unyevu kidogo wa ngozi, zikaganda mdomoni mwa vijitundu vya jasho na kuviziba kwa muda. Ukioga asubuhi, vizibo hivyo hubaki.

Soma kibandiko kabla ya kununua: deodoranti tupu haipunguzi jasho, hupambana na harufu, ambayo hutokana na bakteria wa kwapani. Jasho lenyewe, likitoka tu, karibu halinuki.

Usipake mara baada ya kunyoa, itakuwasha. Wala usihofu kwamba mwili utashindwa kujipoza: una tezi za jasho milioni 2 hadi 4, na za kwapani ni sehemu ndogo mno.