Hasara ya Lori Hulipwa Buchani

Ng'ombe anayetoka Shinyanga kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hukata takriban kilomita 1,000, mara nyingi akiwa amesimama. Mwenye mali ana hesabu zake: nauli, kibali, ushuru, dalali. Kazi ya homoni haimo, na ndiyo inayoamua nyama itakuwaje.

Mnyama akiswagwa kwa fimbo kupanda lori, adrenalini hupanda papo hapo. Kotisoli kutoka tezi zilizo juu ya figo hufuata, nayo hukawia. Akiba ya sukari misulini huliwa njiani. Akichinjwa kabla hajala na kupumzika, hakuna sukari ya kutosha kugeuka asidi. Nyama ya ng'ombe aliyetulia hushuka hadi pH 5.5 hivi, ya huyu hubaki juu ya 6. Ikatwe tu utaiona: imekoza hadi kukaribia weusi, kavu kwa juu, inanata kwenye kisu, na huoza upesi. Mteja huiangalia, akasema ni ya ng'ombe mzee, akaenda bucha la jirani. Pengine alikuwa ndama wa juzi tu.

Anayenunua ng'ombe wa kunenepesha hupata balaa jingine. Kotisoli hupoza kinga: chembe nyeupe za damu hushindwa kung'ang'ania ukuta wa mishipa ili zitoke kwenda palipo na maambukizi. Bakteria Mannheimia haemolytica, anayeishi puani mwa ng'ombe mzima bila kumdhuru, hushuka mapafuni. Siku chache baadaye zizi zima linakohoa.

Hapo huingia deksamethasoni, dawa iliyoundwa kwa mfano wa kotisoli. Homa hushuka, mnyama hula. Lakini kinga huzidi kulala, na jike mwenye mimba kubwa anaweza kuitoa. Daktari wa mifugo ana sababu zake za kuichoma. Anayeichoma ili ng'ombe asimame hadi apate mnunuzi anauza ugonjwa.

Maji, majani, siku ya mapumziko na kutochanganya madume wasiojuana vingepunguza mengi. Ila ng'ombe wengi bado huuzwa kwa kukadiria kwa macho, kwa hiyo msafirishaji huondoka na fedha yake kamili na hasara hubaki kwa mwenye bucha. Anayeuza nyama iliyopozwa Oman au Qatar hana pa kuisukumia hasara hiyo: mzigo wenye pH ya juu huharibika mapema, na jina kwenye boksi ni lake.