Insulini, Jua na Msimu wa Kazi



Katika mashamba ya miwa ya Busoga na ya chai ya Toro, nchini Uganda, wamo wenzetu wanaoishi kwa sindano ya insulini. Mara kwa mara huuliza: kipimo ni kile kile, chakula ni kile kile, mbona sukari haitulii? Jibu moja ni majira ya mwaka.

Tuanze na jua la Desemba hadi Februari. Wakati wa joto mishipa midogo chini ya ngozi hupanuka, na insulini iliyodungwa huingia damuni upesi zaidi. Tena mkata miwa anatumia misuli tangu alfajiri, na misuli ikifanya kazi huvuta sukari hata kwa insulini kidogo. Basi kipimo kilichomfaa akipalilia siku za mvua chaweza kumwangusha akishika panga juani. Wala hatari haiishi kengele ikilia: sukari yaweza kushuka usiku amelala. Lakini asiyekunywa maji ya kutosha, sukari yake huweza kupanda. Kwa hiyo kukisia hakufai, lazima kupima.

Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hutoka jasho, maneno yakamkoroga. Tumeona mwenzetu katika hali hiyo akifukuzwa shambani, kwa kuwa nyapara alidhani amelewa waragi. Mtu wa namna hiyo, kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, mpeni tena. Akizimia msimtie kitu mdomoni. Mpelekeni dispensari mara moja.

Mvua zikija mambo hugeuka. Kazi ikipungua, sukari nyingi hubaki damuni. Malaria na mafua nayo huipandisha, hata kama mgonjwa hali kitu. Wengi huacha sindano wakisema, "Leo sikula." Hilo ni kosa la kuua. Kipimo hubadilishwa kwa shauri la mganga, hakiachwi.

Na dawa yenyewe huharibika kwa joto. Chupa isiyofunguliwa huwekwa penye digrii 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyofunguliwa, kwa kawaida hudumu kama wiki 4 mahali pasipozidi digrii 30 hivi. Nyumba ya mabati mchana wa kiangazi hupita hapo kwa urahisi. Chungu ndani ya chungu kingine, na mchanga mbichi katikati, husaidia sana hewa ikiwa kavu, lakini wakati wa mvua hupoza kidogo tu.

Ndiyo maana twataka mambo matatu yaingizwe katika mapatano na waajiri: jokofu la dawa katika kila dispensari ya shamba, ruhusa ya kupima na kula bila kukatwa mshahara, na mgonjwa asihamishwe kutoka kazi nyepesi kwenda nzito kabla ya kupewa siku za kumwona mganga.