Waya, Kebo na Unene: Istilahi za Umeme wa Jua Chomboni

Mwalimu mmoja wa ufundi mjini Tabora ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Alipokuwa akifasiri maelekezo ya kufunga paneli za umeme wa jua juu ya boti za Ziwa Tanganyika, alifika pahala fundi anapotakiwa achague kebo yenye "ukubwa" ufaao. Je, ukubwa huo ni urefu, ni kipenyo, au ni kitu kingine? Swali hili lastahili kujibiwa kwa makini, kwani tafsiri mbovu hapa yaweza kuwaacha wavuvi gizani, au kuwasha moto chomboni.

Waya si mgeni katika njia ile. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji, ilichukua nguo, ushanga na mizigo ya waya mabegani mwa wapagazi. Waya huo uligeuzwa bangili na mapambo ya miguu. Kamusi za zamani zimetuhifadhia neno udodi, yaani waya mwembamba wa mapambo hayo, na huenda wakawapo wanaotamani lirudishwe kwa matumizi ya umeme. Sisi hatuoni hivyo. Udodi ni jina la kitu cha urembo, na mafundi wa leo husema waya. Neno hilo, ingawa ni la kukopa, limekwisha kuota mizizi hata likapata wingi wa Kiswahili, nyaya. Istilahi iliyo hai midomoni mwa watumiaji haifai kung'olewa bila ya sababu.

Hata hivyo waya na kebo visichanganywe. Waya ni kipitishi kimoja, kiwe kimevikwa kihami au la. Kebo ni nyaya mbili au zaidi, kila mmoja na kihami chake, zikiwa zimefungwa pamoja ndani ya ganda moja.

Sasa tuje kwenye "ukubwa". Kinachokusudiwa ni eneo la mkato, yaani eneo la uso wa shaba waya ukikatwa kwa pembe mraba, nalo hupimwa kwa milimita za mraba. Mfasiri asiandike kipenyo, kwa sababu kipenyo kikiongezwa mara 2, eneo huongezeka mara 4. Vilevile ajihadhari na vipimo vya geji vya Marekani: humo namba ikiwa kubwa, waya huwa mwembamba zaidi.

Kosa jingine ni kutumia neno nguvu kwa kila kitu. Twapendekeza mkondo kwa kile kipimwacho kwa ampea, volteji kwa kile kipimwacho kwa volti, na ukinzani kwa kile kipimwacho kwa omu. Mfano utaonyesha faida yake. Tuseme betri ya volti 12 inawasha taa za kuvulia dagaa zilizo umbali wa mita 6, na mkondo ni ampea 10. Kwa kuwa mkondo huenda na kurudi, urefu wa kuhesabu ni mita 12. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utakuwa na ukinzani wa omu 0.14 hivi, na volteji itashuka kwa volti 1.4, taa zitafifia. Waya wa milimita za mraba 6 utapoteza volti 0.35 tu. Mkondo ukizidi uwezo wa waya, waya hupata moto. Ndiyo maana fyuzi huwekwa karibu na betri, ili iulinde waya wenyewe.

Mwisho, chombo hutikisika na hulowa. Kwa hiyo hutakiwa waya wa nyuzi nyingi, usiokatika upesi kama ule wa uzi mmoja, na nyuzi zake ziwe za shaba iliyopakwa bati ili zisiliwe na kutu. Mfasiri asiandike "waya wa bati", kwani fundi atadhani shaba haimo. Kihami nacho kiwe cha kustahimili jua.

Basi jibu letu kwa mwalimu ni hili: badala ya "kebo kubwa", aandike "kebo yenye eneo la mkato la milimita za mraba" kadhaa, na idadi itajwe. Maneno yameongezeka, lakini fundi wa Kigoma atakwenda dukani akijua anachokitafuta. Tutashukuru kupokea kwa wasomaji wetu istilahi nyingine zitumiwazo na mafundi wa mwambao wa ziwa.